Mfumo Umefungwa Tayari

Mume wangu hospitalini wanamwita Bwana Subiri. Jina hilo hakupewa na wazazi, alipewa na simu. Ukimpigia kuuliza kompyuta za mapokezi zitarudi lini, anakwambia subiri. Ukimuuliza mbona majibu ya maabara hayafunguki, subiri kidogo. Siku uchungu wa mtoto wetu wa kwanza uliponishika alisema hivyo hivyo, akainama akafunga kamba za viatu, akaona moja imekaa vibaya, akaifungua akaifunga upya. Subira yavuta heri, ndivyo wasemavyo, ila mimi sijawahi kuiona kamba inayoivutia.

Mimi ni fundi cherehani, na wateja wananiita Mama Mkasi. Wanasema ni kwa sababu ya kazi. Waongo, ni kwa sababu ya mdomo. Basi mtu wa subira na mtu wa mkasi tumelala chumba kimoja miaka yote hii, na nikisimulia habari zake ni kwa sababu mwenyewe hatasimulia. Nikipandisha sauti katikati mnivumilie, jambo lenyewe bado linanikereketa.

Kazi yake ni kutunza hifadhidata ya hospitali. Alinieleza maana yake mara ya kwanza wakati wa uchumba, nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa, maana alikuwa na macho mazuri. Sasa naelewa kweli. Ni kabati moja kubwa ambamo kila mgonjwa ana droo yake: namba yake, dawa zake, presha yake ya mwezi uliopita, sindano asiyotakiwa kuchomwa. Kabati hilo limo ndani ya mashine, na mashine zimo kwenye chumba cha chini kabisa, chini ya ngazi, ukuta mmoja na dobi, chumba cha kufulia cha hospitali. Kwa sababu ya joto la dobi walileta mafundi wafunge kiyoyozi. Wakakifunga, wakaacha vumbi la ukuta juu ya mashine zote, na mume wangu akashinda analifuta kwa brashi ya kupakia rangi. Tangu hapo chumba kina baridi hadi anafanya kazi na sweta. Majirani wakimwona anatoka nyumbani na sweta begani juani wananiuliza kama anaumwa. Mle chini hata simu haishiki, na hilo mlikumbuke.

Kabati haliwezi kuelea hewani, linataka sakafu. Sakafu hiyo wao wanaiita mfumo endeshi, ndiyo programu inayoiamsha mashine na kubeba programu nyingine zote. Zipo sakafu za kununua, na zipo za bure zinazotengenezwa na watu wa dunia nzima, wanaoandika kila kitu wazi: ukitaka kuona ndani unaona, ukitaka kurekebisha unarekebisha. Hizo anaziita huria, na akilitamka neno hilo anachangamka hadi namwonea wivu. Hospitali ilikuwa na sakafu huria tangu alipoajiriwa, na haikuwahi kumsumbua.

Kilichosumbua ni kabati. Watengenezaji wake walitoa toleo jipya, na lile la zamani wakasema hawataliangalia tena. Likipata ufa, shauri yako. Katika tangazo lao waliandika kwa majivuno kwamba toleo jipya linakaa vizuri kwenye mifumo endeshi huria. Mume wangu alilisoma tangazo lile mezani, akaacha chakula kikapoa, akalisoma tena.

Sasa, mkurugenzi wa hospitali naye alikuwa na mtu wake masikioni, wakala wa kampuni moja ya kompyuta. Mtu wa suti. Nimeikagua suti ile kwa macho, mkono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia. Wakala alitaka akabidhiwe kila kitu, alete mashine zake na watu wake, na kitengo cha mume wangu kisiwepo. Kitengo chenyewe ni watu wawili, yeye na dada wa printa, ambaye wakati huo alikuwa likizo ya uzazi na kichanga chake.

Kwenye kikao mume wangu, ambaye miaka yote kikaoni husema "naunga mkono" na kukaa, alisimama akasema kazi hiyo itafanyika hapa hapa, juu ya sakafu huria waliyo nayo, na hakuna mgonjwa atakayerudishwa nyumbani. Mkurugenzi akamjibu mbele ya wote: "Sawa. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, madirisha ya mapokezi yakifunguka na mfumo mpya, kitengo chako kinabaki. Yasipofunguka, namkabidhi wakala, na wewe nitakutafutia nafasi stoo ya magodoro." Watu wakacheka.

Jioni akaniletea habari hiyo kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Kwa hiyo umejifunga," nikamwambia.

"Nimejifunga mbele ya watu wote," akajibu kwa fahari.

Yeye alimaanisha ahadi. Mimi nilimaanisha bao.

Akapakua kabati jipya, akatafuta mashine ya majaribio, akaanza kulifunga. Kwa watu wa kompyuta kufunga ni kukiweka kitu mahali pake kikae na kifanye kazi, kama unavyofunga taa au kiyoyozi. Hilo ndilo neno lao kutwa kucha. Hata kitabu chao wanakiita mwongozo wa ufungaji, na yeye aliupiga chapa wote akaubeba kwenye mfuko wangu wa vitambaa. Nililisikia neno hilo hadi likanichosha: leo limegoma kufungika, leo limefungika nusu, leo limejifungua lenyewe.

"Linagoma kwa nini?" nikamuuliza siku ya kwanza.

"Linasema sakafu hii haliijui."

"Si waliandika linakaa kwenye huria?"

"Waliandika linakaa kwenye familia fulani za huria. Yetu si ya familia hiyo. Yaani ni ya familia hiyo, ila ni mtoto wa baba mdogo."

"Mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako kabisa."

"Mimi najua, mke wangu. Kawaambie wao."

Akawaambia. Aliwaandikia watengenezaji wa kabati, wakamjibu kwamba hilo ni suala la sakafu, awaulize wenye sakafu. Akawaandikia wenye sakafu, watu wanaojitolea tu maskini, wakamjibu kwa upole kwamba hilo ni suala la kabati. Akarudi kwa wa kwanza, wakamtaka aeleze upya tangu mwanzo kwa sababu aliyempokea mara ya kwanza amehamishwa. Walimpiga danadana wiki mbili nzima, na kila jibu lilianza na "asante kwa kuwasiliana nasi". Asante ile nilikuwa naichukia hata kuisikia ikisomwa.

Wapo waliomshauri adanganye. Ndani ya sakafu kuna faili dogo lenye jina lake. Ukifuta ukaandika jina la yule ndugu anayekubalika, kabati linaingia bila maswali.

"Si ufanye hivyo tukapumzike," nikasema. "Nguo ngapi mimi nimebadilisha lebo."

Alinitazama kama niliyemwambia akaibe dawa wodini. "Siku likipasuka watasema nilidanganya, tena litapasuka na wagonjwa ndani."

Basi akachagua njia ndefu, kama kawaida yake. Alisoma taarifa za makosa mstari kwa mstari. Kabati lile linategemea vipande vidogo vidogo vya programu vilivyomo kwenye sakafu, na kwetu kimoja kilikuwa kipya mno, kingine kimebadilishwa jina, kingine kipo lakini kimekaa kwenye folda ambayo kabati halikutarajia. Akikiweka sawa hiki, kinaanguka kile. Nyumbani akawa hayupo hata akiwepo. Alimpeleka mtoto shule siku ya Jumamosi. Alitia chumvi kwenye chai akainywa yote bila kusema kitu, na mimi nikamwacha amalize, maana nilikuwa na hasira naye. Siku moja mtu huyu, ambaye sijawahi kumsikia akitukana, aliifunika kompyuta yake akaiambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mshenzi wewe." Kisha akaifunua akaendelea.

Wakala naye akawa anapita pita hospitalini kupima vyumba kwa futi.

Mwishowe msaada ulitoka kwa mtu ambaye hatumjui jina wala nchi. Kwenye jukwaa la watumiaji wa sakafu ile, mtu huyo aliandika kwamba naye aliwahi kupita njia hiyo, na ugomvi wote unatoka kwenye kipande kimoja tu. Kijenge upya mwenyewe kutoka kwenye chanzo chake, vingine vitatulia. Na kwa kuwa ni huria, chanzo kiko wazi kwa yeyote. Mume wangu akakijenga, kabati likakaa.

Mwisho wa wiki ile ya mwisho, kliniki zikiwa hazifanyi kazi, alihamisha droo zote kutoka kabati la zamani kwenda jipya, akazikagua, akajaribu kuingia kwa jina la karani, kwa jina la daktari, kwa jina la famasia. Jumapili mchana alinijia dukani sweta begani, anacheka peke yake.

"Limefungika," akasema.

Nikatoa pini mdomoni nikamkumbatia mbele ya mteja aliyekuwa anapimwa kiuno.

Pale pale, amekaa kwenye stuli ya wateja, akawaandikia wakuu wa idara kwenye kundi lao la simu. Alinisomea kabla ya kutuma: "Mfumo umefungwa tayari. Asanteni kwa uvumilivu wenu, na samahanini kwa usumbufu wote." Nikamwambia atume tukale.

Majibu yakaanza kuingia. Muuguzi mkuu: "Pole sana kaka." Mkuu wa mapokezi: "Pole. Tumepokea, nitawajulisha vijana wa madirishani." Mtu wa famasia: "Poleni, ndiyo kazi." Mkurugenzi hakuandika kitu.

"Unaona wanavyojua nilivyochoka?" mume wangu akaniuliza, na macho yake yakalowa kidogo. Akawajibu wote kwa pamoja: "Nimeshapoa." Ndiyo hivyo, alilala mchana ule hadi magharibi, na mimi nikawafukuza watoto wasipige kelele.

Jumatatu aliondoka mapema akae na mashine zake asubuhi hiyo ya kwanza. Mimi nilikuwa na safari yangu ya kwenda huko huko, kumpeleka mama mkwe kliniki ya presha. Mama mkwe ni mtu wa maneno machache ila kila moja lina uzito. Njiani aliniambia, "Leo nitatibiwa na kabati la mwanangu," akajiweka sawa ushungi.

Tulipofika mapokezi, watu walikuwa wamejaa kwenye viti vya plastiki na wengine wamesimama ukutani. Madirisha yote yalikuwa na karani, na kila karani alikuwa amekaa ameshika tama. Skrini nyeusi. Mzee mmoja mbele yetu aliambiwa arudi kesho, akageuka na fimbo yake akaondoka bila kuuliza. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni naye akaambiwa hivyo hivyo.

Zamu yetu ikafika.

"Shikamoo mama," karani akamwamkia mama mkwe. "Leo hatuandikishi. Rudini kesho."

"Kwa nini hamuandikishi?" nikauliza mimi.

"Mfumo umefungwa, dada."

"Ndiyo, umefungwa jana. Sasa uwasheni muanze kazi."

Karani akaniangalia kwa huruma, ile ya kumwangalia mtu ambaye presha imempanda kabla ya mgonjwa wake. "Dada yangu, nimekwambia umefungwa. Tutaingiaje?"

"Nani amekwambia?"

"Wenyewe wa kompyuta. Wamewaandikia wakubwa na samahani wameomba." Akanigeuzia simu yake nisome. Nikasoma maneno ya mume wangu, yale yale aliyonisomea kwenye stuli. Mfumo umefungwa tayari. Asanteni kwa uvumilivu wenu, na samahanini kwa usumbufu wote.

Nikayasoma tena kama karani anavyoyasoma.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mtu amesoma mwongozo wa lugha ya watu kurasa hadi kurasa, hakukosea nukta, amekuja kujikwaa kwenye lugha aliyonyonya. Na wale wote waliosema pole walikuwa wanampa pole ya msiba.

Nikampigia. Haipatikani. Nikakumbuka kile chumba chake cha chini. "Mama, kaa hapa usiondoke hata wakikufukuza," nikamwambia mama mkwe, naye akakalia kiti na mkoba wake mapajani.

Nilishuka ngazi zile mbio, nikapita dobi, mvuke umejaa kwenye korido, nikaugonga ule mlango wa chuma kwa kiganja. Akafungua. Alikuwa na sweta, na jasho linamtiririka juu ya sweta katika baridi ile.

"Mbona hawaingii?" akaniuliza, kama mimi ndiye niliyewazuia. "Tangu asubuhi naangalia hapa, hakuna hata mtu mmoja aliyeingia. Sifuri."

"Wataingiaje na wewe umefunga?"

"Si ndiyo, nimefunga. Nimefunga jana, ulikuwepo."

"Sasa wataingiaje kwenye kitu kilichofungwa?"

"Kisipofungwa ndiyo wataingiaje?"

Nilitaka kulia, nikataka kumpiga na kandambili. Nikamshika mabega. "Baba watoto, nisikilize. Wewe uliandika funga kama kiyoyozi. Wao wamesoma funga kama mlango. Hawajajaribu kuingia. Wamekaa huko juu wanawarudisha watu majumbani."

Nikaona jambo hilo linamwingia taratibu, kutoka usoni hadi mabegani. Kisha akageuka akaitazama skrini, na hapo nikajua kuna jingine baya zaidi.

"Nimeuzima," akasema.

"Umezima nini?"

"Mfumo. Sasa hivi, kabla hujagonga. Niliona hakuna anayeingia, nikadhani unawakataa. Nimeshabadilisha milango ya mtandao, nimeshabadilisha ruhusa, mwisho nikasema niuzime niuanze upya."

"Uwashe basi."

"Unawaka. Ila ni kabati kubwa, likiamka linajikagua lote kwanza." Akaisogelea skrini. "Subiri kidogo."

Hapo ndipo tukasikia viatu kwenye ngazi. Mkurugenzi alitangulia, wakala nyuma yake na mkono wake mrefu. Baadaye nilijua kwamba mkurugenzi alipowasili na kukuta foleni inatawanyika, aliwaamuru makarani wawashe wajaribu, liwe liwalo. Wakajaribu wakati ule ule kabati limezimwa. Kila dirisha likaandika kwa nyekundu kwamba haliwezi kuunganishwa.

"Madirisha hayajafunguka," mkurugenzi akasema. Hakugomba. Heri angegomba.

"Mkurugenzi, ni neno tu," nikarukia mimi, sikungoja kukaribishwa. "Aliandika umefungwa, maana yake umeshawekwa, uko tayari. Watu wako wakaelewa umezibwa. Hakuna aliyejaribu. Uko mzima tangu jana."

"Mama, Kiswahili nakijua," akanijibu, kisha akamgeukia mume wangu. "Nakuuliza swali dogo. Sasa hivi ninavyoongea na wewe, unafanya kazi au haufanyi?"

Mwanamume mwingine angesema unafanya. Angesema unafanya, akamshika mkono, akamwuliza habari za nyumbani, na kabati lingekuwa limeamka kabla hajamaliza. Mimi ningesema unafanya. Ila huyu ni yule yule aliyekataa kubadilisha jina kwenye faili.

"Kwa sasa haufanyi," akasema. "Subiri kidogo, mkurugenzi."

"Nimesubiri hadi Jumatatu," mkurugenzi akasema, akapanda ngazi. Wakala alibaki kidogo akiangalia taa ndogo za mashine zikipepesa, kisha naye akamfuata.

Kabati likaamka muda mfupi baadaye. Nilikuwepo, niliiona ile sifuri ikigeuka moja, kisha watu wakaanza kuingia mfululizo, mapokezi, maabara, famasia, na mume wangu akawa anazitazama namba hizo bila kutabasamu. Nilipopanda juu nilimkuta mama mkwe dirishani. Karani aligusa kitufe mara moja, droo yake ikafunguka na presha zake zote za tangu zamani.

"Mbona leo ni upesi hivi?" mama mkwe akamuuliza.

"Mfumo mpya, mama. Ulikuwa umefungwa, sasa umefunguka."

Mama mkwe akanigeukia. "Si nilikwambia," akasema.

Siku ile nzima mfumo haukukwama hata mara moja, wala siku iliyofuata. Muuguzi mkuu alimwandikia mume wangu kwamba haijawahi kutokea. Yule mzee wa fimbo hakurudi siku ya pili. Nililiulizia hilo mwenyewe, na linanikera kuliko mkurugenzi. Mimi nikashinda dukani nikipanga la kumwambia mkurugenzi nikimpata, nikakata gauni la watu fupi kuliko kipimo. Mume wangu hakulalamika. Jioni alikaa na simu, akaufuta ule ujumbe akaandika badala yake, "mfumo umewekwa na unafanya kazi," akauangalia, akaufuta na huo. Hakuwa na wa kumtumia tena.

Jumatano wakamwita kikaoni. Aliporudi kulikuwa bado kweupe, nami nilikuwa dukani natia vifungo kwenye koti la mtu. Akakaa kwenye ile stuli. Hakuwa na sweta, nikajua ameliacha kazini au amelisahau.

"Wakala amekagua kila kitu kule chini," akasema. "Amekaa jana kutwa na leo asubuhi. Amewaambia hajaona kasoro hata moja. Amesema atauacha kama ulivyo, hatagusa hata kipande kimoja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao atautunza yeye."

Nikatia sindano kwenye kifungo, nikaitoa, nikaitia tena tundu lile lile. Nilimfikiria dada wa printa na kichanga chake. "Na kitengo?"

"Kimefungwa."

Najua Kiswahili, kama mkurugenzi anavyokijua. Lakini nilikuwa nimechomwa na neno hilo mara moja, na moyo wa mtu haukosi pa kushika, nikamuuliza.

"Kama kiyoyozi au kama mlango?"

Aliwaza. Wallahi aliwaza, kama nimemuuliza jambo la kitaalamu linalotaka jibu sahihi.

"Kama mlango," akasema.